Safari ya Herrnhut, na Watoto Tuliowaacha Nyumbani



Watu walipopata habari ya kuwa mimi na mke wangu tumerudi kutoka Ulaya, walitujia na maswali mawili. La kwanza ni hili: "Mmeona nini huko?" Na la pili, ambalo akina mama walilitanguliza mbele ya lile la kwanza, ni hili: "Na watoto mliwaacha kwa nani?" Maswali yote mawili ni ya haki. Nami nimekusudia kuyajibu pamoja katika ukurasa huu, maana yale tuliyoyaona Ulaya yalitufundisha mengi juu ya wale tuliowaacha nyumbani.

SABABU YA SAFARI

Dada mkubwa wa mke wangu ni mwuguzi katika mji wa Dresden, jimbo la Saksonia, upande wa mashariki wa nchi ya Ujerumani. Anakaa huko pamoja na mumewe, ambaye naye ni mtu wa kwetu Rungwe. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mungu aliwajalia mtoto wa pili, nao wakatuomba tuwe wasimamizi wa ubatizo wake, tena tukae nao majuma matatu wakati wa likizo ya shule ya mwezi wa Juni. Nauli ya mmoja wetu waliilipa wao. Ya pili tuliilipa wenyewe kwa fedha ya majani ya chai, tuliyoiweka akiba miaka miwili.

Sisi tunao watoto watatu. Wa kwanza ni msichana, wakati ule alikuwa na miaka minane. Wa pili ni mvulana wa miaka mitano. Na kitinda mimba alikuwa na miaka miwili na nusu. Kuwachukua wote haikuwezekana. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya kuingia nchi zile ni euro 90 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka sita hata kumi na mmoja. Walio chini ya hapo hawalipi. Tena kila msafiri sharti awe na bima ya ugonjwa isiyopungua euro 30,000. Walakini hayo siyo yaliyotuzuia. Kilichotuzuia ni nauli ya ndege ya watu watano, ambayo mshahara wa mwalimu hauiwezi.

Mke wangu hakukubali upesi. Alisema, "Dada yangu nampenda, lakini huyu mdogo hajalala hata usiku mmoja mbali nami." Tukaliweka neno hili mbele ya Mungu siku nyingi. Mwisho mama yake mwenyewe, anayekaa karibu na Tukuyu, alituita akasema, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nami kazi hiyo naijua. Nimelea sita, hawa watatu hawatanishinda. Nendeni mkamwone dada yenu." Lakini alitoa sharti moja. "Msiondoke alfajiri kama wezi. Waageni watoto wakiwa macho, mkawaambie siku mtakayorudi."

Wasomaji, mnajua ya kuwa wengi wetu hufanya kinyume cha hayo. Mzazi huondoka mtoto akiwa usingizini, apate kujiepusha na kilio. Naye mtoto huamka akakuta kitanda ni kitupu, na toka siku ile huogopa kufumba macho. Basi sisi tulimtii mama. Yeye akachukua kibuyu kidogo, akatia ndani punje 21 za mahindi, akamwambia mvulana wetu, "Kila jioni baada ya sala utatoa punje moja, na asubuhi utampa kuku. Kibuyu kikiwa kitupu, baba na mama watakuwa njiani." Wale wakubwa wawili walielewa. Yule mdogo hakuelewa hesabu. Alishika kanga ya mama yake akalia, hata bibi yake akalazimika kumfungua vidole kimoja kimoja. Hivyo ndivyo tulivyoondoka, nasi hatukusemezana neno mpaka kiwanja cha ndege cha Songwe.

NJIANI

Kutoka Songwe tulikwenda Dar es Salaam, na kutoka huko tukapita Addis Ababa hata Frankfurt. Kutoka Frankfurt tulisafiri kwa gari la moshi, ingawa siku hizi moshi wenyewe haupo tena, maana gari huendeshwa kwa umeme. Na baina ya Erfurt na Leipzig huweza kukimbia hata kilometa 300 kwa saa moja. Mtu akitazama miti iliyo karibu huona kizunguzungu. Yafaa atazame vilima vya mbali.

Njia hiyo ni kama kitabu cha historia ya Kanisa. Tulipita Eisenach, ambapo juu ya kilima imesimama ngome ya Wartburg. Ndani ya ngome hiyo Martin Luther alifichwa tangu Mei 1521 hata mwanzo wa Machi 1522, naye humo akalifasiri Agano Jipya kwa lugha ya Kijerumani. Halafu tukapita Erfurt, mahali alipoingia utawani mwaka 1505. Kisha tukafika Leipzig, mji ambao misioni yake ilituma wajumbe Kilimanjaro mwaka 1893. Mimi nilikuwa nikimwonyesha mke wangu mambo haya kwa furaha nyingi. Yeye alitazama, akaitikia, kisha akatazama saa akasema, "Saa hizi wanakunywa uji." Saa za Ujerumani wakati wa kiangazi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo hesabu yake haikumsumbua. Kila kituo alijua watoto wanafanya nini.

MJI WA DRESDEN

Watu wa kwetu hudhani ya kuwa Ulaya ni baridi siku zote. Lakini sisi tuliacha baridi na ukungu wa Tukuyu, maana Juni ndio mwezi wa majira ya baridi huko kwetu, tukakuta joto la kututoa jasho. Tena mchana ni mrefu ajabu. Mwishoni mwa Juni jua la Dresden huchwa baada ya saa tatu za usiku, na watoto hupelekwa kulala kungali mwanga, madirisha yakiwa yamefungwa mapazia mazito. Shemeji alitupokea kwa ugali na ndizi alizozinunua katika duka la vyakula vya Kiafrika, akasema, "Leo kuleni cha kwenu; kesho mtakula mkate kama wenyeji." Na kweli, jioni watu wa huko hawapiki, hula mkate na jibini na nyama baridi, wakamaliza.

Katikati ya mji liko kanisa kubwa la mawe liitwalo Frauenkirche. Katika usiku wa tarehe 13 Februari 1945 na siku zilizofuata ndege za Waingereza na Wamarekani ziliuangushia mji mabomu, na kanisa hili likaanguka tarehe 15. Wanahistoria waliochunguza jambo hilo walitoa jibu mwaka 2010 ya kuwa waliokufa walikuwa hata 25,000. Kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini mawe yake yalibaki chungu mahali pale pale. Kisha likajengwa tena, likawekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005. Ukisimama nje utaona mawe meusi katikati ya mawe meupe: yale meusi ni ya kanisa la kale, yaliyookotwa katika kifusi na kurudishwa ukutani. Msalaba wa dhahabu ulio juu ulifanywa na fundi wa London, jina lake Alan Smith, ambaye baba yake alikuwa katika ndege mojawapo zilizoupiga mji ule. Baba alipeleka moto, mwana akapeleka msalaba. Shemeji alisema kwamba kila mgeni wake humleta hapa kwanza, aone ya kuwa jambo lililovunjika laweza kujengwa, lakini alama zake hazifichwi. Wakati ule sikujua ya kuwa alikuwa akisema habari zake mwenyewe.

Jumapili ya pili mtoto alibatizwa. Kanisani hatukuwa wengi, maana katika sehemu ile ya Ujerumani watu wengi leo si wa kanisa lolote. Hata hivyo wale wachache waliimba kwa moyo, na wazee wawili walitushika mikono wakatuuliza habari za Rungwe kana kwamba ni kijiji cha jirani.

MTOTO ALIYEKATAA SIMU

Siku za kwanza tulisema na watoto kila jioni kwa simu ya picha. Binti yetu alitusomea fungu la siku. Mvulana alituonyesha kibuyu chake, akakitikisa ili tusikie punje zilizobaki. Lakini kitinda mimba alikuwa akitazama uso wa mama yake katika kioo, akanyoosha mkono nyuma ya simu kumtafuta, asimwone, akalia. Siku ya tisa alikataa kabisa. Aligeuza uso, akajificha kifuani mwa bibi yake, akamwita "mama".

Mke wangu aliweka simu mezani, akaenda kusimama dirishani. Nikamwambia, "Huyo ni mtoto tu, atasahau." Akajibu, "Hilo ndilo ninaloliogopa, kwamba atasahau." Usiku ule alitaka kujua kama tikiti za ndege zaweza kubadilishwa. Mama mkwe alipoulizwa asubuhi alisema, "Mtoto anakula, anacheza, analala. Ananiita mama kwa kuwa mimi ndimi niliyepo. Ukija leo au siku ya ishirini na moja, kazi ya kumrudisha ni ile ile. Kaa, umalize ulichoendea." Mke wangu alikaa, lakini furaha yake ilipungua. Nayaandika haya kwa kuwa wasafiri wengi husimulia juu ya majumba na magari tu, wakaficha habari za usiku kama ule.

HERRNHUT

Siku mbili baadaye shemeji alichukua ruhusa kazini, akatupeleka Herrnhut. Watu wa Rungwe mwalijua jina hilo tangu darasa la ubatizo. Kutoka Dresden ni safari ya kama kilometa 80: gari la moshi hata Löbau, kisha basi. Tulitumia tikiti ya mwezi, ambayo mwaka 2025 bei yake ilikuwa euro 58, nayo yakuwezesha kupanda magari ya moshi ya majimbo na mabasi katika nchi nzima, isipokuwa yale ya mwendo wa kasi. Njiani tulipita Bautzen, na hapo tukaona majina ya vituo na njia yameandikwa kwa lugha mbili, Kijerumani na Kisorbi. Wasorbi ni taifa dogo lililokuwako huko tangu zamani sana, nao hata leo wanaishika lugha yao. Mke wangu alifurahi, akasema, "Kumbe huku nako wana lugha ya nyumbani."

Herrnhut ni mji mdogo, wenye nyumba safi na miti mingi. Jina lake maana yake ni ulinzi wa Bwana. Wakimbizi kutoka Moravia walioteswa kwa ajili ya imani yao walipewa mahali hapa na kabaila kijana aitwaye Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, na tarehe 17 Juni 1722 seremala Christian David alikata mti wa kwanza. Miaka kumi tu baadaye, tarehe 21 Agosti 1732, Leonhard Dober na David Nitschmann walitoka hapa kwenda kisiwa cha St. Thomas kuwahubiri watumwa. Kutoka chemchemi hiyo ndogo maji yalifika hata kwetu mwaka 1891, wamisionari wanne walipokuja kwa njia ya ziwa Nyasa. Na mmoja wao, Georg Martin, alikufa kwa homa mwaka ule ule. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Na mwaka 2024 Herrnhut iliandikwa na UNESCO katika orodha ya mahali pa urithi wa dunia.

Tuliingia katika nyumba yao ya ibada. Ni ukumbi mkubwa mweupe: kuta nyeupe, mabenchi meupe, hakuna sanamu wala dhahabu. Mei 1945, vita ilipokuwa ikiisha, moto uliiteketeza pamoja na sehemu kubwa ya katikati ya mji, ikajengwa tena baadaye. Katika mji huu ndipo mafungu ya kila siku yanapochaguliwa kwa kura, nayo yamekuwa yakipigwa chapa kila mwaka tangu 1731. Asubuhi ile tulikuwa tumelisoma fungu letu mezani kwa shemeji, na binti yetu alikuwa amelisoma fungu lile lile Tukuyu. Nilipokumbuka hayo ndani ya ukumbi ule nilijiona kana kwamba mtu ameshika ncha moja ya kamba, na watoto wangu wameshika ya pili.

Kisha tukapanda kilima cha Hutberg, palipo na makaburi waitayo Shamba la Mungu. Njia zake zina miti iliyopandwa kwa mistari, na makaburi karibu yote yamefunikwa kwa mawe ya kulala, yaliyo sawasawa, ndugu upande mmoja na akina dada upande wa pili. Hapo tajiri hamzidi maskini. Katikati wamelala Zinzendorf, aliyekufa tarehe 9 Mei 1760, na mkewe Erdmuth Dorothea, aliyemtangulia mwaka 1756. Hao wawili walizaa watoto 12, na katika hao wanne tu walifika utu uzima.

Lakini habari iliyomgusa mke wangu ni ya utoto wa Zinzendorf mwenyewe. Alizaliwa Dresden tarehe 26 Mei 1700, na baba yake akafa baada ya majuma machache. Mwaka 1704 mama yake aliolewa tena akaenda kukaa Berlin, na mtoto wa miaka minne akaachwa kwa bibi yake, mama wa mama yake, Henriette Catharina von Gersdorff, katika kijiji cha Großhennersdorf kilicho karibu sana na Herrnhut. Bibi huyo alikuwa mwanamke mwenye elimu kubwa na mcha Mungu, naye ndiye aliyemlea na kumfundisha kusali. Mke wangu alisimama mbele ya lile jiwe kitambo, akasema polepole, "Basi huyu naye ni mtoto wa bibi." Ndiyo. Kanisa letu lina deni kwa mwanamke mzee aliyekubali kulea mjukuu.

NYOTA YA WATOTO

Katika Herrnhut kuna kiwanda cha nyota za karatasi ambazo huwashwa taa ndani yake majira ya kumngojea Bwana kabla ya Krismasi. Nyota ya kawaida ina pembe 25. Wageni huruhusiwa kuona jinsi mafundi wanavyozikunja na kuzibandika. Lakini asili yake si kiwanda. Nyota hizi zilianza mwanzoni mwa karne ya 19 katika shule za bweni za Wamoravian, ambamo zilitumika kuwafundisha wanafunzi hesabu za maumbo. Na miongoni mwa wanafunzi wa shule kama hizo walikuwamo watoto ambao baba na mama zao walikuwa ng'ambo ya bahari katika kazi ya misioni. Nyota waliyoiwasha iliwaangazia wakati wenzao walipokuwa kwao.

Tulinunua moja iliyokunjwa ndani ya sanduku, haijaunganishwa, ili tuiunganishe pamoja na watoto wetu nyumbani.

KLEINWELKA, NA NENO LA SHEMEJI

Tulipokuwa tukirudi shemeji alitaka tushuke Bautzen, kwa maana karibu na mji huo kuna kijiji cha Kleinwelka, nacho pia ni makao ya kale ya Wamoravian. Kwa zaidi ya miaka mia moja palikuwa na shule ya watoto wa wamisionari hapo. Walikuja kutoka Greenland, Labrador, Suriname na Afrika ya Kusini. Kwa desturi mtoto akitimiza miaka kama sita au saba wazazi walimtoa, wakamweka katika meli pamoja na ndugu aliyekuwa akirudi Ulaya. Waliogopa magonjwa, walitaka watoto wasome, tena waliamini ya kuwa kazi ya Bwana haiwaruhusu kurudi. Wengi hawakuonana tena kwa muda wa miaka mingi. Wengine hawakuonana kabisa duniani. Huko Labrador meli ya misioni ilifika mara moja tu kwa mwaka. Mama aliyeandika barua kumwuliza mtoto wake, "Je, jino lako limeota?" alipata jibu mwaka uliofuata, naye mtoto alikuwa ameota meno mengine.

Tulitembea katika njia za kijiji kile kimya kimya. Mimi nilisema, "Hawa walitoa zaidi ya maisha yao." Shemeji akasimama. Akasema, "Shemeji, msiseme walitoa wao tu. Na watoto walitoa, wala hawakuulizwa." Kisha akaongeza, "Mimi nami nilikuwa Labrador miaka minne."

Ndipo alipotusimulia jambo ambalo hata mdogo wake hakulijua lote. Alipokuja Ujerumani kujifunza uuguzi alimwacha mzaliwa wake wa kwanza kwa mama mkwe wangu, mtoto akiwa na miaka mitano. Aliondoka usiku, mtoto amelala, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kumwaga. Alimwambia bibi amjibu kwamba mama yuko sokoni. Mwaka wa kwanza mtoto aliulizia soko. Mwaka wa pili akaacha kuuliza. Karatasi za ruhusa, nyumba na mshahara wa kutosha vilichukua miaka minne kupatikana. Siku alipompokea katika kiwanja cha ndege, mtoto alikuwa na miaka tisa. Alisogea hatua moja, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo," kama anavyomwamkia mgeni, kisha akarudi nyuma ya mtu aliyemleta. "Nilikuwa nimenunua koti," alisema shemeji, "likawa dogo. Mikono yake ilitoka nje. Sikuwa nimejua ni mrefu kiasi gani."

Mtoto huyo sasa ana miaka kumi na mitatu. Ni kijana mzuri, mwenye adabu, ambaye alitubebea mizigo yetu. Lakini mama yake akichelewa kurudi kazini, hata kwa nusu saa, yeye huketi kwenye ngazi nje ya mlango. Wala hasemi kwa nini.

Mke wangu alimshika dada yake, wakalia pamoja njiani. Mimi nilikwenda mbele kidogo nikawaacha. Tena niliufahamu moyo wa mama mkwe wangu: lile sharti lake halikuwa neno la mzee apendaye desturi. Yeye ndiye aliyemjibu yule mtoto habari za soko kwa mwaka mzima, naye hakutaka kulisema jambo hilo tena kwa mtoto mwingine.

KURUDI

Kibuyu kilikuwa kitupu tulipofika Tukuyu. Mvulana wetu alikuja mbio akakigeuza chini juu mbele yetu, tuone ya kuwa hesabu imetimia. Binti yetu alimkumbatia mama yake. Yule mdogo alisimama mlangoni akashika vazi la bibi, akatutazama kama mtu anayetazama mvua. Mke wangu hakumnyakua. Aliketi chini, akaanza kukunjua nyota pamoja na wale wawili. Ilipokuwa jioni, pembe saba zimekwisha kubandikwa, mtoto alikuja mwenyewe, akaketi katika mapaja yake, akachukua pembe ya nane akaitia mdomoni. Usiku ule alilala na mama yake. Lakini kwa muda wa mwezi mzima kila mama alipochukua kapu, mtoto alishika kanga.

Wapenzi, nimewaeleza mambo haya kwa kuwa kuachana na watoto ni jambo la nyumba nyingi za Kikristo siku hizi. Wako walimu wanaohamishiwa mbali, wako akina mama waendao kufanya kazi Ulaya na Uarabuni, wako wachungaji waliomo vyuoni. Sisemi mtu asisafiri. Hana naye alimwacha Samweli hekaluni, na Biblia haimlaumu. Lakini Biblia yatuambia jambo moja dogo lenye uzito: kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Mama anayeshona kanzu kila mwaka hana budi kujua mtoto amerefuka kiasi gani.

Basi yafaa tushike haya. Mtoto aagwe akiwa macho, wala asidanganywe, hata kama kweli inamliza. Apewe hesabu anayoweza kuishika kwa mkono wake, na siku iliyotajwa isivunjwe. Akabidhiwe kwa mtu mmoja ampendaye, si kwa yeyote aliye karibu. Akimwita huyo "mama", mama aliyemzaa asione wivu, bali ashukuru, maana jina hilo halikuibiwa; limetunzwa. Na mzazi akirudi asidai kupendwa saa ile ile.

Tena tusiwasahau bibi zetu. Sisi twahesabiwa kuwa wasafiri, twaombwa kusimulia, twaketishwa mbele. Lakini safari yetu ilibebwa na mwanamke mmoja ambaye hajapanda ndege hata mara moja, aliyeamka usiku mara nyingi katika zile siku 21. Tulimletea shali ya sufu kutoka Dresden. Aliipokea, akashukuru, akauliza, "Na yule mkubwa, mjukuu wangu wa huko, bado anaketi kwenye ngazi?" Tulimwambia ndiyo. Akasema, "Nitamwandikia." Naye ameandika kila mwezi tangu wakati ule, kwa mkono wake mwenyewe, na yule kijana, asemavyo mama yake, huzisoma barua hizo mlango umefungwa, kisha hujibu.

Bwana awalinde watoto wenu na wale wanaowalea. Amina.